Komedi ya Runinga Kuifikisha Jukwaani: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Lamu

Mwaka huu pekee nimeitwa mara tatu kutazama mazoezi ya vikundi vya vijana hapa kisiwani, na mara zote tatu nimekuta kosa lile lile. Kikundi kimechukua kipindi cha vichekesho ambacho kila mtu anakipenda, kimenakili maneno yote kutoka kwenye simu, kimegawana sehemu, kimejitahidi. Wanacheza. Watu wanatazama kwa heshima kama wanaosikiliza hotuba ya chifu. Kicheko hakuna.

Nikiwauliza mmehamisha nini, wananijibu: vichekesho. Hapo ndipo penye kosa. Kichekesho cha runinga kimeshikwa na kamera, na uso wa mwigizaji mmoja, na mkato wa picha. Ukikibandua hapo kinakufia mkononi. Kinachohamishika ni mtego: watu waliofungika mahali pamoja, uongo ukiwa katikati yao, muda ukiwaishia. Hamisha mtego, vichekesho vipya vitakuja vyenyewe.

Nasema haya nikiwa nimeumwa. Onyesho letu la kwanza, katika ukumbi wa shule moja, lilikuwa na matukio 14 kwa dakika 50, kama yalivyokuwa kwenye runinga. Kila tukio likiisha tulizima taa tupange viti. Kufikia giza la sita watoto wa mbele walikuwa wanahesabu sekunde kwa sauti, na walipofika arobaini wakapiga makofi. Hayo ndiyo makofi makubwa tuliyopata usiku ule.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vipindi vitatu au vinne vya komedi moja, mnavyoweza kuvitazama tena na tena
- Daftari kubwa na kalamu za rangi tatu
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Chaki, na utepe wa karatasi kama ule wa mafundi wa rangi
- Waigizaji watano hadi saba. Wakizidi hapo mtagombana ratiba
- Mkumbushaji mmoja wa kuwanong'oneza waigizaji maneno wakisahau, mwenye subira, asiyetaka kuigiza
- Milango mitatu halisi yenye fremu na bawaba
- Viroba sita vya mchanga vya kuegemeza fremu
- Taa nne za kutosha, waya mrefu, na jenereta au betri ya akiba
- Barua za ruhusa (nitazieleza)
- Wiki nane

Wiki nane si utani. Komedi inahitaji mazoezi mengi kuliko tamthilia ya kilio, kwa sababu mtu akichelewa nusu sekunde kulia, bado analia. Akichelewa nusu sekunde kwenye kichekesho, kichekesho kimekwisha.

## Hatua ya 1: Chagua komedi iliyofungwa

Usichague unayoipenda. Chagua ile ambayo wahusika wake hawana pa kukimbilia.

Vioja Mahakamani ya KBC ni mfano wa karibu. Ukumbi wa mahakama ni jukwaa tayari: hakimu juu, mshtakiwa kizimbani, karani pembeni, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka mpaka aambiwe. Ugumu wake ni kwamba kesi ikiisha imeisha, kwa hiyo utahitaji uzi mwingine wa kuunganisha kesi mbili tatu. Vitimbi, pamoja na utamu wote wa Mzee Ojwang na Mama Kayai, itakutaka uamue kwanza ugomvi wao utauweka chumba gani.

Mind Your Language, ile ya darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza London, iliyoanza kurushwa Uingereza 1977, imefungwa vizuri sana, darasa moja na kengele. Lakini mizaha yake mingi ni ya kucheka mataifa ya watu. Mimi ningeichukua darasa na kengele, hiyo mizaha ningeiacha huko huko.

Mwongozo huu nitautegemeza zaidi kwa Fawlty Towers, komedi ya BBC iliyoandikwa na John Cleese na Connie Booth. Sababu ni tatu. Ina vipindi 12 tu, sita vya 1975 na sita vya 1979, kwa hiyo unaweza kuitazama yote kwa siku mbili. Karibu kila kitu kinatokea ndani ya hoteli moja ndogo ya pwani ya Uingereza. Na Cleese mwenyewe ameshaifikisha jukwaani, Sydney mwaka 2016 na London mwaka 2024, kwa hiyo tunaweza kuona mwenyewe alikata wapi. Halafu, Lamu ni mji wa nyumba za wageni. Hakuna mtu hapa asiyemjua mwenye nyumba anayewachukia wageni wanaomlisha.

Jaribio: tazama kipindi mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti. Mara ya pili jifunike kikoi usoni usikilize tu. Kama mara zote mbili umecheka walau kidogo, kinafaa. Ukicheka kwa macho tu, kipindi kimeshikwa na kamera. Ukicheka kwa masikio tu, kipeleke redioni.

Utajua umechagua vyema ukiweza kumalizia sentensi hii kwa pumzi moja: "Hawezi kuondoka kwa sababu…"

## Hatua ya 2: Ruhusa, mapema

Watu huliacha hili mpaka wiki ya mwisho, kisha hulia.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kuigeuza kazi ya mtu kutoka umbo moja hadi jingine ni haki ya mwenye kazi. Kutotoza kiingilio hakukupi ruhusa. Kazi ya maandishi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Cleese yu hai. Vipindi vya KBC, waandikie KBC. Ukikwama, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ndiyo ya kuuliza.

Kuna njia ya pili, na vikundi vingi hapa itawafaa zaidi. Sheria hulinda namna jambo lilivyoandikwa, hailindi wazo lenyewe. Mwenye hoteli mkali anayemficha mkewe jambo ni wazo, na halina mwenyewe. Majina, maneno, mfuatano wa matukio: hivyo vina mwenyewe. Basi jifunze ufundi kwao, kisha andika nyumba yako, watu wako, balaa lako. Ndivyo nitakavyofanya kwenye mfano wangu huko chini.

Barua nyingine ni za mahali. Ukitaka ua wa Ngome, mwombe msimamizi wake, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ukitaka uwanja wa mtaa, anza na wazee wa mtaa. Nenda mwenyewe kwa miguu, usitume ujumbe wa simu. Barua iwe mkononi lakini maneno yatangulie. Watakuuliza maswali mawili: wasichana watavaa nini, na mtamaliza saa ngapi. Uwe na majibu.

Onyo: usipange onyesho ndani ya Ramadhani wala wiki ya Maulidi. Hutapata watu, na utakaowapata watakuwa wamekuja kukukanya.

## Hatua ya 3: Pasua kipindi

Sasa kaa na daftari. Chora safu nne: nani anataka nini, anamficha nani, kitu gani cha kushikika kinahusika, kicheko kimetokea sekunde gani.

Safu ya nne ndiyo yenye siri. Fawlty Towers ilirekodiwa mbele ya watu waliokaa studioni, kwa hiyo kile kicheko unachokisikia ni cha watu waliokuwa wanatazama kama watakavyotazama wako. Kila kicheko kipe alama: nyekundu kama kimeletwa na neno, bluu kama ni mwili, kijani kama ni uso tu, yaani mtu hakusema wala hakusogea, kamera ilimkaribia.

Vya kijani vihesabu kwa makini, maana hivyo ndivyo vitakavyokufa. Mtu aliyekaa safu ya nane uwanjani, taa nne na wadudu wake, haoni nyusi ikipanda. Kila cha kijani ama kigeuze kiwe bluu (badala ya nyusi, adondoshe sinia), ama kifute.

Usinakili mazungumzo bado. Najua mkono unawasha.

## Hatua ya 4: Suka, usitunge

Kipindi kimoja cha runinga ni dakika 30 hivi. Mtu hatoki Shela kwa boda ya baharini aje kutazama dakika 30. Unahitaji 70 hadi 90, kwa hiyo utalazimika kuunganisha vipindi viwili au vitatu, na hapa ndipo vikundi vingi vinapozama.

Kosa ni kuvitunga kama shanga: kipindi cha kwanza kikiisha kinaanza cha pili. Watazamaji wakishamaliza balaa moja mioyo yao imetua, na kuinyanyua tena ni kazi ya kuanza upya.

Mtazame bibi anayesuka ukili wa mkeka. Hamalizi mwaa mmoja, yaani jani moja la kusukia, ndipo ashike mwingine. Anaipishanisha, huu ukipita juu yule unapita chini, na ukiuvuta mmoja yote inakaza. Ndivyo ilivyofanyika London. Tamthilia ile imesukwa kwa vipindi vitatu: kile cha uvumi kwamba wakaguzi wa hoteli wako mjini, kile cha mgeni bibi asiyesikia vizuri na fedha ambazo mume anamficha mkewe, na kile cha wageni Wajerumani. Vyote vinapita ndani ya hoteli moja kwa wakati mmoja. Anayekimbia mkaguzi anamgonga bibi. Anayemtuliza bibi anadondosha siri ya fedha.

Wangu mfano uko hivi. Nyumba ya mawe, Langoni, siku mbili kabla ya Maulidi.

*Mwaa wa kwanza:* Mwenye nyumba amepokea amana ya mgeni kutoka Nairobi kwa ajili ya sabule, chumba cha juu. Mkewe hajui, na sabule ile alishamwahidi shangazi yake.

*Mwaa wa pili:* Kuna uvumi kwamba kaunti imemtuma mkaguzi wa nyumba za wageni, naye anajifanya mgeni wa kawaida.

*Mwaa wa tatu:* Shangazi anafika siku moja kabla.

Mpaka hapa ni miyaa mitatu imelala sakafuni. Kinachoisuka ni kitu kimoja kinachopita mikono yote. Kwangu ni ndoo, na ilivyoingia nitaieleza kwenye hatua ya lugha kwa sababu ilitokea huko. Noti za amana zimefichwa ndani ya ndoo. Mke anaitaka ndoo achote maji ya shangazi. Anayedhaniwa mkaguzi anataka kuikagua ndoo.

Ili ujue umesuka, futa mwaa mmoja kwa kalamu. Kama hadithi inaendelea kama hakujatokea kitu, ulitunga shanga. Anza tena.

## Hatua ya 5: Kila kitu ndani ya chumba kimoja

Ni amri. Hakuna "baadaye, sokoni". Kinachotokea sokoni kiingie mlangoni kikiwa kimebebwa na mtu, au kisikike nyuma ya ukuta.

Nyumba ya Lamu inakusaidia kuliko hoteli yoyote ya Uingereza. Weka hadithi kwenye kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, kisha toa njia tatu:

1. Mlango wa daka, kile kibaraza cha mlangoni, unaotoka njiani. Hapo huingia wageni na habari.
2. Ngazi ya kupanda sabule, yenye mlango wake. Huko ndiko anakofichwa mgeni.
3. Mlango wa ndani, upande wa mke. Mwanamume wa nje hapiti hapo, hata nyumba ikiungua.

Kanuni hiyo ya tatu Waingereza hawana, na ni mali. Komedi yao ya milango hutegemea mlango kufunguka ghafla. Sisi hatuingiliani hivyo; kuna hodi. Nilipoanza niliiona hodi kama kikwazo, nikajaribu kuifuta ili mambo yaende mbio. Kila mtu aliyeingia bila hodi alionekana mwizi au mpumbavu, na watazamaji walinung'unika.

Kisha nikaigeuza. Hodi ni utambi. Ikishasikika, kila aliye jukwaani ana sekunde chache za kuficha anachoficha, na watazamaji wanazihesabu pamoja naye. Hodi ya kwanza: mume anashtuka. Hodi ya pili: anasukuma mgeni ngazini, anatafuta pa kuweka ndoo, anaivaa kichwani, anaivua. Hodi ya tatu: "Karibu!" kwa sauti laini kabisa, akiwa ameikalia ndoo, miguu imepachikana. Yote hiyo ni sekunde sita. Na ukitaka kuongeza joto, mpe hodi mtu asiyesubiri kuitikiwa, shangazi mathalani, ambaye kwa umri wake nani atamzuia?

Ufundi wa milango. Fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, mlango wa plaiwudi, bawaba tatu wala si mbili. Ufunguke kuelekea nje ya jukwaa, ili mwigizaji anapoingia asifichwe na ubao wake mwenyewe. Nyuma ya fremu piga mbao mbili za mshazari, uzikandamize kwa viroba vya mchanga, viwili kwa kila mlango. Kisha ubamize mara ishirini kabla hujamruhusu mtu kupita. Pazia la leso badala ya mlango halitoshi, halibamiziki.

Ngazi ya kweli si lazima. Vidaraja viwili vinavyopotelea nyuma ya ukuta wa turubai, na mtu akiendelea kupiga hatua chini huko nyuma, watazamaji wataijenga iliyobaki wenyewe.

Mmefaulu hatua hii ikiwa, tangu taa zinawaka hadi zinazima, hakuna kiti kilichohamishwa na mtu asiyekuwa na sababu ndani ya hadithi.

## Hatua ya 6: Lugha

Kuna utani mmoja kwenye Fawlty Towers unaofundisha zaidi ya mafunzo yangu yote. Mhudumu, Manuel, ametoka Barcelona na Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Bwana wake anamlalamikia siagi iliyo kwenye masinia, na yale maneno ya Kiingereza ya "kwenye masinia yale" kwa sikio la Mhispania yanafanana na moja, mbili, tatu. Manuel anamsahihisha bwana wake namna ya kuhesabu.

Hebu jaribu kukitafsiri. Huwezi. Nimeona kikundi kikijaribu, na kikaweka mtu wa kando kueleza.

Badala ya kutafsiri, uliza: mtego ni upi? Mtego ni neno moja, masikio mawili. Sasa tazama ulimwengu wako: sisi tunalo wapi? Mtu wa bara akifika Lamu, neno la kwanza linalomtatiza ni lipi? Kwetu anayeita "njoo" husema "ndoo". Mfanyakazi mpya aliyetoka Nairobi hajui hilo.

> MWENYE NYUMBA (ngazini, ameelemewa na godoro): Ndoo! Ndoo hapa, upesi!
>
> DAUDI: Sawa mzee! (Anatoka mbio. Anarudi na ndoo.)
>
> MWENYE NYUMBA: Hii ya nini?
>
> DAUDI: Ndoo, mzee.
>
> MWENYE NYUMBA: Nimekwambia ndoo! Sikukwambia ndoo!
>
> DAUDI (anaitazama ndoo. Anamtazama mzee. Anaiweka chini taratibu, anatoka, anarudi na ya pili.)

Tulipoijaribu mara ya kwanza mazoezini, mkumbushaji alicheka akapoteza ukurasa. Na ndoo ile ikabaki jukwaani, katikati, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Ndipo mtu akauliza, kwa nini zile noti zisifichwe humo? Kitu kimoja cha kusuka miyaa mitatu tulikitafuta wiki mbili. Kililetwa na neno.

Tahadhari mbili. Kiamu chenu, yaani Kiswahili cha Lamu, kiwe cha kweli, kutoka kwa aliyezaliwa nacho; mpe bibi wa mtaa maandishi akusomee kwa sauti, atakapokunja uso papige mstari. Na lafudhi za makabila msizibandike kama ndevu za bandia. Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang, hakuwa Mjaluo. Lafudhi ile aliifanyia kazi ya miaka, na watu walimpenda mzee, hawakucheka kabila. Katika mfano wetu Daudi si mjinga. Ametumwa ndoo, ameleta ndoo. Mwenye makosa ni anayempigia kelele.

## Hatua ya 7: Mazoezi

Wiki ya kwanza na ya pili, someni mmekaa. Wiki ya tatu chora jukwaa sakafuni kwa utepe: mita sita kwa nne, milango mitatu, ngazi. Msingoje fremu ziishe.

Kuanzia siku hiyo kila kifaa kiwe cha kweli. Ndoo ya kufikirika haina mshikio wa kunasa kidole.

Wiki ya nne fanyeni zoezi la kimya: tamthilia nzima bila neno, mwili tu. Mkikwama mahali, hapo pana maneno yanayofanya kazi ya mwili.

Jambo gumu kufundisha ni kusubiri kicheko. Kwenye runinga kicheko kimesharekodiwa, hakibadiliki tena. Jukwaani kinakuja kama wimbi: kinainuka, kinafika kileleni, kinaanza kushuka. Ukisema kinapopanda, hakuna atakayekusikia. Ukingoja kife kabisa, umekaa juu ya mchanga mkavu. Sema kinaposhuka, kikiwa kimebaki kama theluthi. Wakati wa kungoja usisimame kama mlingoti. Endelea na kazi ya mhusika, kunja kikoi, tazama ndoo. Na usicheke. Mwigizaji akicheka yeye, watu humwachia acheke mwenyewe.

Zoezi lake: mkumbushaji apige kofi popote panapotarajiwa kicheko, kofi refu au fupi kama atakavyo, mwigizaji ajifunze kulipanda. Fanyeni mpaka mchoke.

Nyongeza ya huku kwetu: punda. Katika onyesho letu la pili, pale mke anapomuuliza mume kwa upole "una jambo unanificha?", punda nje akalia, ule mlio mrefu wenye kwikwi. Watu walianguka. Mwigizaji wangu akaendelea na sentensi yake chini ya mlio, ikapotea, na ilikuwa sentensi ya kufungua siri. Sasa nafundisha: punda akilia, geuka umtazame alipo, msikilize mpaka amalize, kisha mjibu mkeo.

## Hatua ya 8: Mahali, upepo, taa, saa

Mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi kuna kusi, na uwanjani kusi hula sauti. Weka jukwaa upepo uwe mgongoni mwa waigizaji, uwapelekee watu maneno. Ua wenye kuta nne unashinda uwanja wazi hata kama viti ni vichache. Vipaza sauti vya kushikwa mkononi viepuke. Mtu hawezi kuficha ndoo kwa mkono mmoja.

Taa mbili kutoka kila upande, juu ya kimo cha mtu, zikitazama chini kidogo. Komedi haitaki giza la kupendeza. Ikionekana kama sebule ya mtu mchana, imetosha. Jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta, na mtu wa kuilinda asiye na hamu ya kutazama mchezo (si rahisi kumpata).

Saa: subirini sala ya Isha iishe na watu wafike nyumbani. Anzeni saa mbili na nusu usiku, saa nne muwe mmemaliza. Mkiweka mapumziko, kahawa chungu na halua mlangoni zitalipa gharama ya taa. Tengeni upande wa akina mama wenye mlango wake wa kuingilia, na uwe wa kuona vizuri. Kwa uzoefu wangu kicheko cha kwanza cha usiku hutoka upande huo, na upande wa pili hufuata.

## Hatua ya 9: Majaribio ya baraza

Siku nne kabla ya onyesho alika watu kumi na tano. Wasiwe jamaa za waigizaji. Waalike wazee wawili wa barazani wanaojulikana kwa kutocheka, mama wawili wenye shughuli zao, na watoto watatu.

Mkumbushaji akae nyuma na daftari lile lile. Kila kicheko akiweke alama, kwa sekunde. Msimsimulie mtu chochote kabla, na mkimaliza msiulize "imekuwaje?", kwa sababu watawaambia mashallah. Waulizeni hivi: "Yule mume alikuwa anaficha nini, na kwa nini?" Wakijibu sawasawa wote, mtego umekaa. Wakitofautiana, rudini hatua ya nne usiku huo huo.

Kisha kazi ya kisu. Sentensi iliyotegemewa kuchekesha na haikuchekesha ipewe nafasi ya pili usiku wa kwanza wa onyesho. Ikikaa kimya tena, ikatwe asubuhi, hata kama ni ya mwenye kikundi. Kwa kawaida mtapoteza dakika nane hadi kumi, na hakuna atakayezitafuta.

Usiku wa onyesho mkumbushaji awe na orodha ya vifaa aliyoitia alama kimoja kimoja kabla watu hawajaingia: magodoro, sinia, bahasha ya noti, ufunguo wa sabule, ndoo mbili. Ndoo zikaguliwe chini. Yenye ufa itamwaga maji jukwaani kwenye sehemu ya mwisho, na sakafu yenye maji pamoja na mtu anayekimbia na kikoi haina mzaha. Mkiazima, zirudisheni kwa mwenyewe asubuhi, kavu, kabla ya saa ya kuteka maji.